UZI: Maabara imeandika "haikugunduliwa", lakini samaki wa bwawa zima wamekufa. Sumu ilipotelea wapi?

#1 Nyar Kano
Wadau, hamjambo. Naomba tulichambue jambo hili kwa vipimo.

Kuna bwawa la kikundi upande wa Koru, kaunti ya Kisumu, la mita 300 za mraba, kama yale yaliyochimbwa kwa wingi nchini chini ya mpango wa serikali wa mwaka 2009. Juu yake kuna miwa, pembeni nyanya, na mfereji wa maji ya mvua unaingilia kona ya mashariki. Samaki walikutwa wakielea asubuhi, siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza ya Machi. Kesho yake ikachotwa sampuli ya lita moja kwa chupa ya plastiki ya maji ya dukani, ikatumwa Nairobi kwa gari la vifurushi. Ilifika maabara siku mbili baadaye, bila barafu.

Majibu yana mistari 20, yote "haikugunduliwa". Mistari 18 ni DDT, DDE, aldrini, dieldrini, lindani, endosulfani na jamaa zao. Miwili ya mwisho ni sipamethrini na lambda-sihalothrini. Sasa mwenye nyanya anatembea na nakala ya cheti akisema amesafishwa. Je, cheti hicho kinamsafisha? Na kama sumu ilikuwepo, ilikwenda wapi?

#2 Mkemia wa Njoro
Cheti kinasema kemikali 20 hazikuonekana, basi. Hakisemi maji hayakuwa na sumu.

Angalia orodha yenyewe. Kumi na nane kati ya hizo ni oganoklorini za zamani (dawa zenye klorini zinazodumu sana, jamaa za DDT). DDT ilipigwa marufuku kwa kilimo hapa Kenya mwaka 1986, na endosulfani iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, unaozuia kemikali zinazodumu katika mazingira, mwaka 2011. Mkulima wa nyanya leo ananyunyiza pairethroidi (kundi la sipamethrini na lambda-sihalothrini), imidaklopridi, abamektini, mankozebu, metalaksili. Kwenye miwa ni dawa za magugu: heksazinoni, ametrini, atrazini, 2,4-D na glifosati, na diuroni kabla haijaondolewa sokoni. Kati ya hizo zote, mlizopima ni pairethroidi mbili tu. Maabara hupima kile mteja alicholipia, na ukiomba "viuatilifu" bila kutaja majina utapewa kifurushi kilicho tayari, ambacho mara nyingi ni hicho cha oganoklorini kwa sababu ndicho kilichozoeleka.

Swali langu: safu ya kiwango cha chini cha kuripoti inasemaje? Bila namba hiyo, "haikugunduliwa" haina maana yoyote.

#3 Nyar Kano
Ahsante, Mkemia. Imeandikwa 0.5 µg (mikrogramu) kwa lita kwa zote 20.

#4 Bwana Tope
Hapo ndipo penye jambo. Lambda-sihalothrini huua nusu ya samaki wa jaribio aina ya bluegill ndani ya saa 96 kwa takriban 0.2 µg kwa lita. Yaani dawa inaweza kumaliza samaki ikiwa chini ya nusu ya kiwango ambacho maabara yenu ingeanza kuiandika. Wadudu wa majini na kamba wadogo hufa kwa kiasi kidogo zaidi ya hapo.

La pili ni chupa. Pairethroidi haipendi maji. Lambda-sihalothrini huyeyuka takriban mikrogramu 5 tu kwa lita; inayobaki hutafuta cha kung'ang'ania, kama vile tope, majani yaliyooza, magamba ya samaki, na ukuta wa chupa. Ukiiweka kwenye plastiki ikasafiri siku mbili ikitikiswa kwenye joto, kisha mtu wa maabara akamimina maji na kutupa chupa, sehemu kubwa ya mlichokuwa mkikitafuta imetupwa pamoja na chupa. Hata chupa ya kioo lazima isuuzwe kwa kiyeyushi baada ya kumwagwa, na kiyeyushi hicho kiunganishwe na sampuli.

La tatu: mmepima maji, na dawa hii hukaa kwenye mashapo. Tope la kona ya mashariki bado lipo. Likachukuliwe sasa.

#5 Fundi Pampu
Tupige hesabu, kwani wengi hudhani lazima ndoo nzima imwagwe. Dawa ya lambda-sihalothrini yenye gramu 50 kwa lita, mililita 20 kwenye pampu ya mgongoni ya lita 20: hapo kuna gramu 1 ya sumu, yaani miligramu 50 kwa kila lita ya mchanganyiko. Bwawa la mita 300 za mraba lenye kina cha mita 1 lina lita 300,000. Lita 2 zilizobaki kwenye pampu zikioshewa kwenye mfereji ni miligramu 100. Gawanya: 0.33 µg kwa lita. Juu ya kiwango cha kuua, chini ya kiwango cha cheti.

#6 Ja Koru
Fundi, hesabu yako ni safi ila kina sicho. Mabwawa yale yana mteremko, upande wa kuingilia maji ni wa kina kifupi, na yaliyokaa miaka bila kufukuliwa yamejaa udongo. Wastani wa nusu mita uko karibu zaidi na ukweli. Kwa lita 150,000, lita moja tu ya mabaki inatosha kukupa 0.33 hiyo hiyo.

#7 Fundi Pampu
Nakubali, Ja Koru. Ila kumbukeni kwamba tope hunyakua sehemu ya dawa ndani ya saa chache, kwa hiyo namba hizo ni za kilele kabla ya kutulia. Samaki aliye kwenye kona ya mfereji hukutana na kiasi kikubwa kuliko wastani wa bwawa.

#8 Mwalimu wa Mabwawa
Jamani, mnakimbilia sumu kabla ya kuuliza habari ya hewa. Mvua kubwa ya kwanza, mawingu, takataka zimesombwa kuingia bwawani, maji ya chini yasiyo na oksijeni yamepinduka kuja juu, na samaki wamekutwa wamekufa alfajiri. Hiyo ni sura ya oksijeni kuisha. Usiku mwani hauzalishi oksijeni, unaitumia, na kiwango cha chini kabisa hufika kabla ya jua kuchomoza. Ngege (tilapia) ni mvumilivu, lakini oksijeni ikikaa chini ya miligramu 1 kwa lita kwa saa kadhaa hata yeye huondoka.

Dalili za kutofautisha ni hizi. Kwa uhaba wa oksijeni, wakubwa hutangulia kufa kwa sababu wanahitaji zaidi, na kabla ya hapo wote huja juu wakihema. Kwa sumu, mara nyingi wadogo hutangulia, samaki huogelea ovyo kwa kuzunguka, na wadudu wa maji nao hufa. Kwa oganofosfeti (dawa za wadudu zenye fosforasi, zinazoshambulia neva) mapezi ya kifuani hukakamaa yakielekea mbele. Nyar Kano, waliokufa kwanza ni wa ukubwa gani?

#9 Nyar Kano
Wakubwa ndio walioelea kwanza, Mwalimu. Lakini viluwiluwi na wadudu wanaotembea juu ya maji nao wametoweka, na hawajarudi mpaka leo.

#10 Mwalimu wa Mabwawa
Basi ushahidi umegawanyika. Wakubwa kwanza ni upande wangu, wadudu kutoweka ni upande wa Bwana Tope.

#11 Bwana Tope
Mwalimu, hilo la alfajiri tulipunguzie uzito. Asubuhi ndiyo saa ambayo watu hufika bwawani. Samaki waliokufa saa nne usiku nao hukutwa asubuhi.

Na hata wakubwa kuonekana kwanza kuna maelezo mengine: vifaranga hubebwa na ndege na kenge kabla mtu hajafika.

#12 Mkemia wa Njoro
Niongeze la tatu ambalo si sumu ya shambani wala oksijeni: amonia. Bwawa lenye mwani mwingi hupanda pH (kipimo cha uasidi au ualkali, 7 ikiwa katikati) mchana mpaka 9 na zaidi. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 ni takriban asilimia 36. Maji yale yale, samadi ile ile, ila sumu imezidi mara 60. Kipimo cha pH na amonia ni cha bei nafuu na hufanyika papo hapo. Anayekwenda kuchota sampuli ya viuatilifu bila kupima pH, joto na oksijeni bwawani anarudi na nusu ya habari.

Tena pH huamua kama utaikuta dawa yenyewe. Dimethoati, mojawapo ya oganofosfeti, kwenye pH 5 hudumu miezi mitano hivi kabla ya kupungua nusu. Kwenye pH 7 ni kama miezi miwili. Kwenye pH 9 ni siku nne na ushee. Kama mwenye nyanya alitumia dimethoati na bwawa lina pH 9, chupa iliyosafiri bila barafu iliendelea kuimeng'enya dawa njiani.

#13 Wa Rongai
Ndiyo maana sampuli za Ziwa Nakuru ni kazi ngumu. Pale pH iko karibu 10. Ukichota na kuondoka, oganofosfeti zinavunjika ndani ya chupa. Lazima pH ishushwe hadi karibu 7 mara tu unapochota, kwa kiasi cha asidi kilichopimwa na kuandikwa, halafu barafu. Mito inayoingia ziwani, Njoro, Makalia na Nderit, haina shida hiyo kwa kiasi hicho, kwa hiyo huwezi kulinganisha namba za mtoni na za ziwani kama mkono wa kuchota haukufuata utaratibu mmoja.

#14 Mzee wa Yala
Wanangu, kuna jambo hamjaligusa. Wizi. Kuna watu humwaga dawa ya wadudu majini usiku ili samaki waelee, wakusanye na kuuza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na Kenya, Uganda na Tanzania zote ziliumia. Je, samaki waliokutwa ni wote, au nusu walikuwa wameshabebwa?

#15 Nyar Kano
Mzee, shikamoo. Idadi haikuhesabiwa vizuri, kwa hiyo swali lako linabaki wazi. Walinzi wanasema hakuna aliyeingia.

#16 Mama Manyatta
Naomba kuuliza kwa upande wa maji ya kunywa. Mtaani Kisumu kuna vijana wanapita na kile kipimo kidogo cha TDS. Wakichovya kwenye kisima kikasoma 120 wanasema maji ni salama, hata dawa hakuna. Ni kweli?

#17 Mkemia wa Njoro
Si kweli hata kidogo, mama. TDS hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha hubashiri uzito wa chumvi zilizoyeyuka kwa miligramu. Dawa nyingi hazipitishi umeme, na kiasi tunachotafuta ni mikrogramu, yaani sehemu ya elfu ya tarakimu ya mwisho kwenye kile kioo. Unaweza kuwa na maji ya 120 yenye klopirifosi (oganofosfeti ya kuua wadudu) kupita kiasi, na maji ya 900 yasiyo na dawa yoyote.

#18 Afya Kwanza
Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, jambo ambalo kwa visima vya mitaa ya Manyatta na Nyalenda vilivyo karibu na vyoo ni la lazima. Kwa dawa za shambani nyingi, maji yanapungua kwa mvuke na dawa inabaki. Klorini nayo ina yake: hugeuza klopirifosi kuwa oksoni yake (umbo lake lililooksidishwa), ambayo huzuia kimeng'enya cha neva kwa nguvu zaidi ya klopirifosi yenyewe. Kinachopunguza ni kaboni iliyoamilishwa, na lazima ibadilishwe kabla haijashiba. Makaa ya jikoni si kitu kimoja na hiyo, uso wake wa kunyonya ni mdogo sana.

#19 Wa Rongai
Kwa Nakuru mimi ningeanza na floraidi kabla ya dawa. Meno ya kahawia ya watoto wa Bonde la Ufa hayahitaji maabara kuyaona. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya huku vinapita hapo. Chujio za mkaa wa mifupa zinapunguza floraidi, ila msizitegemee kwa viuatilifu. Hiyo ni kazi nyingine.

#20 Ja Koru
Wa Rongai, kila uzi wa maji lazima utupeleke kwenye meno! Turudi bwawani.

Nauliza: zile karatasi za kupimia zinazoagizwa mtandaoni zinafaa? Zipo za kimeng'enya na za mistari miwili.

#21 Dada Maabara
Zinafaa kwa kuchuja, hazifai kwa kuhukumu. Nizitofautishe.

Karatasi ya kimeng'enya hufanya kazi kwa kuzuiwa kwa kolinesterasi, kimeng'enya cha neva. Hushika oganofosfeti na kabameti tu, makundi mawili yanayozuia kimeng'enya hicho. Haitaona pairethroidi, atrazini wala glifosati. Tena klopirifosi, malathioni na diazinoni katika umbo zinalouzwa huzuia kimeng'enya kidogo mno. Bila hatua ya kuzioksidisha kwanza, kwa kawaida kwa maji ya bromini, karatasi itakaa vile vile na utaambiwa maji ni safi.

Ya mistari miwili ni ya kingamwili, na kosa la kawaida ni kuisoma kinyume. Watu wamezoea kipimo cha mimba, ambapo mstari ukionekana ni ndiyo. Huku dawa iliyo kwenye maji hushindana na ile iliyobandikwa kwenye mstari, kwa hiyo kwa aina nyingi mstari wa kipimo ukififia au ukipotea ndipo kuna kemikali. Soma karatasi ya maelekezo ya aina uliyonunua kabla ya kufungua mfuko.

ELISA, kipimo cha kingamwili cha maabara kwenye sahani ya visima 96, ni ndugu yake mkubwa. Kwa atrazini hufika chini ya 0.1 µg kwa lita, rangi ikizidi dawa imepungua, husomwa kwenye nanomita 450. Weka kila sampuli visima viwili. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, rudia. Sahani na vitendanishi vikae kwanza mpaka vifikie joto la chumba, maana vikitoka kwenye friji moja kwa moja visima vya pembeni na vya katikati havisomi sawa. Na kingamwili ya atrazini huzitambua pia propazini na ametrini kwa viwango tofauti, kwa hiyo huku kwenye miwa namba itatoka kubwa kuliko atrazini yenyewe. Maji ya rangi ya chai yenye mboji nayo huipandisha.

#22 Mkulima Kitale
Na kiwango cha atrazini cha WHO si 2 µg kwa lita? Huku Trans Nzoia tunanyunyiza kwenye mahindi wakati wa kupanda na visima viko ndani ya shamba.

#23 Afya Kwanza
Ndugu, hicho cha 2 ni cha zamani. Tangu toleo la nne la mwongozo, mwaka 2011, ni 100 µg kwa lita kwa atrazini pamoja na mabaki yake ya kundi hilo. Marekani ni 3. Umoja wa Ulaya ni 0.1 kwa karibu dawa yoyote moja na 0.5 kwa jumla ya zote. Ndiyo maana kisima kimoja chenye 1.5 µg kinaweza kupita kwa WHO, kupita Marekani, na kukataliwa Ulaya. Ukisoma ripoti, tazama imelinganishwa na nini. Nyingine za WHO za kukumbuka: 2,4-D ni 30, klopirifosi 30, dimethoati 6, aldrini na dieldrini kwa pamoja 0.03.

#24 Bwana Tope
Na hizo zote ni za binadamu anayekunywa. Samaki hawana habari nazo. Klopirifosi ya 30 µg inayoruhusiwa kwenye glasi yako itamaliza wadudu wa mto mzima.

Mnakumbuka utafiti wa mwaka 2020 uliofanywa huku magharibi karibu na Ziwa Viktoria? Ulionyesha kwamba konokono wanaobeba kichocho huvumilia viuatilifu kuliko wadudu wanaoshindana nao. Maji yakichafuka na dawa, washindani wanapungua na konokono wanabaki na nafasi. Wadudu wa bwawa la Koru waliopotea wasichukuliwe kama jambo dogo.

#25 Nyar Kano
Naomba sasa mwenye utaratibu kamili wa kuchota atuandikie, wa mtu aliye kijijini, ili mvua ijayo isitukute mikono mitupu.

#26 Dada Maabara
Haya, dada. Piga simu maabara kwanza. Uliza: mnapima kemikali zipi, kwa kiwango gani cha chini, mnatoa chupa? Wape majina ya dawa zinazouzwa kwenye agroveti ya karibu na zilizoonekana shambani. Ikiwezekana piga picha maganda ya dawa yaliyotupwa, maana lebo ina jina la kiambato na kiasi chake. Swali hilo moja lina thamani kuliko sampuli kumi.

Vyombo: chupa mbili za kioo cha kahawia za lita moja zenye kifuniko cha ndani cha teflon, kwa dawa nyingi. Chupa moja ya plastiki ngumu ya mililita 250 kwa glifosati pekee, kwa kuwa hiyo hugandamana na kioo. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana kwa tope. Zikipatikana kutoka maabara, usizifungue mpaka ufike. Kama unaosha mwenyewe: sabuni, maji moto mengi, maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa), asetoni, kisha heksani, zikauke zikiwa zimefunikwa kwa karatasi ya alumini.

Mikono: glavu za nitrili. Usijipake dawa ya mbu asubuhi hiyo, na usitumie sanduku la barafu lililowahi kubeba dawa za mifugo. Anayeshika pampu ya kunyunyiza asishike chupa.

Kuchota: zamisha chupa ikiwa imefungwa, ifungulie sentimita 20 hadi 30 chini ya uso, ifunge humo humo. Usisuuze chupa ya kioo kwa maji ya bwawa kwanza, kwa sababu dawa zinazonata zitaachwa ukutani na utazihesabu mara mbili. Mtoni, simama upande wa chini na mdomo wa chupa uelekee maji yanakotoka. Tope: sentimita 2 za juu tu, kwa kijiko cha chuma kisichoshika kutu, kutoka sehemu tano za kona ile ya mfereji, uchanganye.

Sampuli tupu: mimina maji yaliyotoneshwa kwenye chupa nyingine ukiwa hapo hapo kando ya bwawa, uifunge na kuisafirisha pamoja. Hiyo ikionekana na dawa, tatizo liko mikononi au kwenye sanduku.

Kama maji yana klorini, sodiamu thiosalfeti ya miligramu 80 hadi 100 kwa lita iwe ndani ya chupa kabla ya kuchota.

Barafu: chupa za maji zilizogandishwa zinatosha, lengo ni nyuzi 4 bila kugandisha kioo. Giza. Uchujaji wa kuitoa dawa kwenye maji ufanyike ndani ya siku 7. Lebo kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye barafu inayotiririka.

Samaki: yule anayekata roho ni bora kuliko aliyeoza. Mfunge kwenye karatasi ya alumini, gandisha, mpeleke na matamvua yake.

#27 Mkemia wa Njoro
Kazi nzuri, Dada Maabara. Niongeze upande wa ndani ili wateja wajue cha kuuliza. Maji ya mto Nyando mvua ikinyesha ni uji wa udongo. Yakipitishwa moja kwa moja kwenye katriji (bomba dogo lenye unga unaonasa dawa) ya miligramu 200 itaziba kabla ya nusu lita. Lazima yachujwe kwa karatasi ya nyuzi za kioo ya mikroni 0.7, na karatasi hiyo isitupwe, kwa sababu sehemu kubwa ya pairethroidi imelala humo. Iloweshwe kwa kiyeyushi na kupimwa.

Katriji hutayarishwa kwa mililita 5 za metanoli, kisha 5 za maji, na isikauke kati ya hapo. Sampuli ipite kwa mililita 5 hadi 10 kwa dakika. Anayeharakisha kwa pampu ya nguvu anapoteza zile zinazoyeyuka sana. Ikaushwe nusu saa, itolewe kwa ethili asetati, ipunguzwe kwa naitrojeni hadi mililita 1. Lita moja imekuwa mililita moja, yaani mara 1,000. Usiiache ikauke kabisa, dawa nyepesi zitaruka.

Omba ripoti ikuonyeshe asilimia ya urejesho. Maabara huongeza kiasi kinachojulikana na kuona kinachorudi. Kati ya 70 na 120 ni sawa. Ikiwa pairethroidi inarudi 25, basi "haikugunduliwa" yake haina uzito.

#28 Mfugaji Ngere
Kuna aliyeuliza kuhusu josho? Majosho ya zamani yaliwahi kutumia arseniki, baadaye toksafeni, na siku hizi amitrazi na sipamethrini. Shimo la kumwagia mabaki likiwa juu ya bwawa, mvua ya kwanza itashuka nayo. Nyar Kano, kuna josho juu ya miwa hiyo?

#29 Nyar Kano
Lipo, Mfugaji, lililoachwa. Kama mita 400 juu. Hilo halikuwahi kutajwa na mtu yeyote kwenye kikao cha kikundi.

#30 Mfugaji Ngere
Basi ongeza arseniki kwenye orodha, chupa tofauti ya plastiki yenye asidi ya naitriki, ni kipimo cha metali. Toksafeni nayo ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, haitoki kama mstari mmoja kwenye mashine. Lazima uiombe kwa jina.

#31 Ja Koru
Na kampuni za miwa je? Diuroni na heksazinoni hudumu sana udongoni. Sidhani zinaua samaki kwa siku moja, lakini zinaua mwani, na mwani ukifa kwa mpigo oksijeni inaisha. Hapo Mwalimu na Bwana Tope wote wana haki.

#32 Mwalimu wa Mabwawa
Hilo linawezekana kabisa, Ja Koru. Ila lingechukua siku kadhaa, na maji yangebadilika kutoka kijani kuwa kahawia kabla ya vifo. Kuna aliyeona rangi?

#33 Nyar Kano
Mvua ilikuwa imeshayafanya kahawia, Mwalimu. Haiwezekani kujua.

#34 Mzee wa Yala
Sampuli zipelekwe wapi basi? Watu wa huku wamechoka kwenda Nairobi.

#35 Mkemia wa Njoro
Mzee, Mkemia wa Serikali ana tawi Kisumu, ila kesi ya kumwagiwa sumu ipitie polisi, sampuli zifungwe kwa lakiri na kila anayezipokea aweke sahihi na saa, la sivyo mahakamani zitatupwa. Kwa mabaki ya viuatilifu kwa upana, KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, wana maabara Karen, Nairobi. Popote uendapo, tazama upeo wa ithibati yao wa ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji) kwa KENAS, shirika la Kenya linalotoa ithibati. Maabara inaweza kuwa na ithibati kwa mboga na isiwe nayo kwa maji. Cheti cha ukutani hakikuambii hilo, jedwali la upeo ndilo linalokuambia.

#36 Nyar Kano
Ahsanteni wadau. Tope la kona ya mashariki na la chini ya josho litachotwa Jumatatu, vyombo viwili tofauti, na maabara imeshakubali kushusha kiwango cha lambda-sihalothrini hadi 0.02 kwa maji ya mvua ijayo. Swali moja limebaki: tope likikaa kwenye friza ya duka la samaki wiki moja, kuna shida?

#37 Bwana Tope
Kugandisha tope hakuna shida, ila usijaze chupa ya kioo. Acha robo tupu, ilaze kwa ubavu, na iwe ndani ya mfuko uliofungwa mbali na samaki wa watu.